Mtego unaoelea Nyumba ya Mungu: chumba kielee, ukuta usimame chini

Swali limetoka kwa msomaji wa Pasua, Moshi. Yeye na wenzake watatu wanavua Bwawa la Nyumba ya Mungu kwa nyavu za kutega, na wamechoka. Upepo wa mchana unazikunja nyavu, alfajiri nusu ya perege wanakutwa wamekufa na wamelegea, na mara nyingine wenye mikono mirefu wameshapita kabla yao. Ameona video za mitego mikubwa inayoelea huko China na Marekani, samaki wakitolewa wazima. Anauliza mambo matatu: mtego wa namna hiyo utafaa bwawa letu? Vipimo viweje na utiwe nanga vipi? Na je, waanze na mitatu kwa mpigo, maana mjomba wao mwenye duka la vifaa vya ujenzi Arusha yuko tayari kutoa mtaji?

Ndugu yangu, nianze na la kwanza kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Mtego unaoelea utafaa Nyumba ya Mungu, lakini ule wa kwenye video ukiuleta ulivyo utakaa majini msimu mzima ukivua majani.

Mabwawa makubwa ya China huvuliwa kwa kuzuia na kusukuma. Nyavu ndefu hukata bwawa vipande, samaki wakasukumwa siku baada ya siku kuelekea pembe moja, na kwenye pembe hiyo ndipo unapokaa mtego mkubwa unaoelea. Samaki wenyewe ni kapi (carp) wa fedha na kapi wa kichwa kikubwa, ambao huishi katikati ya maji wakichuja vijimea na vijidudu, tena wamepandikizwa humo wakiwa vifaranga. Wakisukumwa na wavu husogea mbele, ingawa kapi wa fedha naye huruka akigutuka. Perege ana tabia nyingine kabisa. Anakaa kandokando, anakula karibu na majani na matope, anatagia kwenye vishimo anavyochimba mwenyewe chini, na akikutana na wavu anatafuta upenyo chini au anaruka juu. Aliyewahi kuvuta kokoro, yaani wavu wa kuburuta (nitajifanya sijui kama wewe ni mmojawao) ameona jinsi perege wanavyojilaza kwenye tope ili kamba ya chini ipite juu ya migongo yao. Kambare ndiyo usiseme, huyo ni wa chini tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukitundika kila kitu kwenye maboya, ukuta wako utaning'inia, utaacha nafasi chini, na samaki watapita hapo bila hata kujua kwamba kuna mtego. Kinachotakiwa kuelea ni chumba cha kukusanyia samaki. Ukuta unaowaongoza lazima uguse chini kutoka mwanzo hadi mwisho.

Unaweza kuuliza, basi chumba nacho kielee cha nini, si tukisimike kwenye miti? Watu wa pwani, kuanzia Tanga kushuka, wanajenga wando kwa fito, na wando ni ndugu wa damu wa mtego huu: una ukuta, una ua, una chumba. Lakini bahari hupanda na kushuka kwa kiasi kinachojulikana na kesho inarudi palepale. Nyumba ya Mungu ni bwawa la kuzalisha umeme lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, linapokea maji ya Kikuletwa na Ruvu, na maji yake hupanda na kushuka mita kadhaa kati ya masika na mwisho wa kiangazi. Kingo zake nyingi ni tambarare, hivyo mita moja ya kushuka huweza kuyasogeza maji mbali sana na pale ulipoyaacha. Mti uliousimika mwezi wa sita utaukuta mwezi wa pili umezungukwa na ng'ombe. Chumba kinachoelea kinashuka na maji, na kikibidi kuhama kinavutwa na mtumbwi.

Sasa viungo vya mtego wenyewe. Ukuta ni wavu ulionyooka kutoka karibu na ukingo kwenda kina kirefu. Mwisho wa ukuta kuna sehemu iliyopanuka kwa mabawa mawili, ambayo mimi huiita sebule, maana samaki akifika hapo anazunguka bila kuona kwamba ameshaingia nyumba ya mtu. Kutoka sebuleni kuna koo, yaani faneli ya wavu inayoanza pana na kuishia nyembamba, na koo hilo linafungukia ndani ya chumba. Kama umewahi kushika mgono, ule mtego wa kusuka kwa fito, ule ulimi wa ndani unaomruhusu samaki kuingia na kumnyima kutoka ndio koo lenyewe.

Watu wengi wanaoanza hutumia fedha zote kwenye chumba. Chumba kikubwa kinapendeza kwenye picha, lakini chumba hakivui. Kinachovua ni ukuta, na pale ulipowekwa. Samaki anayeogelea kandokando akikuta kizuizi hugeuka kwenda kina kirefu, kwa sababu huko ndiko usalama wake ulipo. Ndiyo maana ukuta hukatiza njia yake, ukianzia kwenye maji ya kiuno hivi, na chumba hukaa upande wa kina. Ukigeuza, yaani chumba kikae upande wa ukingo, unamwambia samaki akimbilie mahali anapopaogopa.

Kabla hujanunua hata mita moja ya wavu, fanya jaribio la bei ndogo. Chukua nyavu zako hizohizo za kutega, zitege jioni kwa kukata ukingo mahali panne au patano unapopafikiria, kila mahali siku kadhaa. Alfajiri usihesabu samaki tu, angalia kila mmoja ameingia kutoka upande gani. Kichwa kinaonyesha alikokuwa anakwenda. Mahali ambapo wengi wamenasa wakielekea upande mmoja ni njia, na mahali ambapo vichwa vimechanganyika ni malisho. Mtego unataka njia. Mara nyingi utaipata kwenye pembe ya nchi kavu inayoingia majini, au pale majani yanapokoma na kina kuanza kushuka haraka. Palepale pima kina kwa kamba yenye jiwe kila baada ya mita 5, uandike, na uburute jiwe hilo chini kutafuta visiki. Kisiki kimoja kitakurarulia wavu kila wiki, na kukiondoa mapema ni kazi ya asubuhi moja.

Kaa mbali na midomo ya mito. Najua ndiko samaki waliko, lakini ndiko viboko wanakopita, na kiboko hajui kuzunguka wavu. Mamba nao huvutwa na samaki waliofungiwa, hivyo asishuke mtu majini kurekebisha kamba kwa sababu tu maji yanaonekana matulivu. Kazi yote ifanyike juu ya chombo. Karibu na tuta la bwawa na mitambo ya umeme usikaribie kabisa.

Kwa kikundi cha watu wanne wenye mitumbwi miwili, ningejenga hivi. Ukuta wa mita 60, ukianzia kina cha mita 1 na kuishia mita 5 wakati maji yamejaa. Sebule yenye mabawa ya mita 8 kila moja, yakifungukia upande wa ukingo kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ukuta ukiingia katikati yake na kuishia mita moja na nusu kabla ya mdomo wa koo. Chumba cha mita 4 kwa 3, na kina cha mita 3. Hiyo mita 3 usiipuuze. Chumba lazima kiwe kifupi kuliko kina kitakachobaki kiangazi, la sivyo sakafu italala kwenye tope, samaki watasongwa, na wavu utajaa uchafu. Waulize wazee wa pale maji huwa yanafika wapi mwaka mbaya, kisha pima kutoka alama hiyo. Kina cha maji pale kilipo chumba kikikaribia kupungua mita 3 na nusu, vuta chumba kwenda mbele na uongeze kipande cha ukuta.

Hapa kuna tatizo ambalo video hazilionyeshi. Ukuta unagusa chini kwenye mita 5, na sakafu ya chumba iko mita 3 kutoka juu. Samaki anayefuata ukuta kwa chini atapandaje? Jibu ni sakafu ya sebule. Sebule inawekewa wavu wa chini unaopanda taratibu, kuanzia kwenye udongo mlangoni mpaka kwenye mdomo wa chini wa koo. Upande wa mlangoni sakafu hiyo inashonewa mnyororo mwepesi ulale chini vizuri. Mpando uwe mrefu na mpole. Kwa kupanda mita 2, toa mita 6 au zaidi za mlalo. Kambare wengine watakataa na kurudi. Perege watapanda. Wewe biashara yako ni perege, na kambare atakayekuja ni nyongeza.

Koo lianze na mdomo wa mita 2 kwa 2 na kuishia na tundu la sentimita 40 hivi, likiwa na urefu wa mita 2 na kidogo. Ncha yake isiguse ukuta wowote wa chumba. Samaki aliyefungiwa huzunguka akifuata kuta, na ncha ikiwa imesimama katikati, mbali na kuta, anapita nyuma yake mara mia bila kuiona. Ivute kwa kamba nyembamba nne kwenda pembe za nyuma za chumba ikae wazi. Koo lililolegea hujikunja na kufunga lenyewe, na wengi hulaumu mahali wakati kosa ni kamba hizo nne.

Kwenye wavu, hesabu ndipo inapowashinda watu dukani. Wavu huuzwa kwa urefu wake ukiwa umevutwa, macho yamefumba. Ukiushonea kwenye kamba unaufupisha ili macho yafunguke. Nyavu za kutega tunazishonea kwa nusu: mita 100 za wavu kwenye mita 50 za kamba, ulegee na unase. Wavu wa mtego hatutaki unase, tunataka usimame kama ukuta, hivyo tunaushonea kwa 0.7, yaani mita 100 za wavu kwenye mita 70 za kamba. Kwa kipimo hicho jicho linafunguka mraba, na kimo nacho hubaki asilimia 70 ya kimo kilichovutwa. Kwa hiyo ukuta wa mita 60 unahitaji wavu wa mita 86, na pale unapotaka kimo cha mita 5 nunua wavu wenye kimo cha mita 7 na kidogo. Kwa ufupi, kila mita 1 ya mraba iliyosimama majini inakula mita 2 za mraba za wavu wa dukani. Chumba chako, pamoja na sakafu na sentimita 60 za kuta zitakazochomoza juu ya maji, ni kama mita 62 za mraba. Agiza 125 na za viraka. Mjomba aone hesabu hiyo kabla hajatoa fedha.

Uzi uwe mnene kuliko wa nyavu za kutega, namba 18 au 24, na rangi ya giza. Uzi mwembamba hunasa kwenye mashavu, na mtego wa uzi mwembamba ni wavu wa kutega wa bei ghali. Usitumie nailoni ya uzi mmoja inayong'aa, imepigwa marufuku na ina sababu zake. Wala usidanganyike na vyandarua vya mbu kwa kuwa Arusha vinatengenezwa kwa wingi na mabaki hupatikana. Jicho la chandarua linafagia vifaranga wote, maji hayapiti, na mtego mzima utageuka tanga. Ukubwa wa jicho la chumba utapewa na afisa uvuvi kwa maandishi, nitalirudia hilo.

Fremu ya chumba ningeitengeneza kwa bomba jeusi la plastiki la maji, milimita 110, lililounganishwa kwa kuyeyushwa na fundi mwenye mashine. Mafundi wa miradi ya maji wapo Moshi na Arusha. Bomba hilo likizibwa kila upande linasukuma maji kama lita 9 na nusu kwa mita, na lenyewe lina uzito wa kilo 2 na ushei, hivyo kila mita inabeba kilo 7. Fremu ya 4 kwa 3 ina mita 14, inabeba karibu kilo 100. Inatosha kwa wavu, maana nailoni majini haina uzito wa maana: kilo 20 za nailoni zikizama zinabaki na uzito usiofika kilo 3. Haitoshi kwa mtu. Kijana wa kilo 70 akiruka kwenye pembe moja itazama chini ya miguu yake. Funga madumu ya lita 20 kwenye kila pembe, na ukae mtumbwini. Bomba la chuma la inchi moja na nusu ambalo mjomba analo dukani ningelitumia kwa vigingi tu, vile vya kuinulia kingo za wavu. Kwa fremu nzima ni mzigo, na litapata kutu kwenye maungio.

Kuta zichomoze juu ya maji sentimita 60 na juu ufunike kwa wavu wa macho makubwa. Perege anaruka, na mnandi, ndege mla samaki, anajua kuteremka.

Ukuta unataka maboya juu na risasi chini. Kanuni yake ni fupi: maboya yabebe wavu na kamba na ziada kidogo, na uzito wa chini uwe mara moja na nusu hadi mbili ya nguvu ya maboya, ili ukuta usinyanyuke. Kumbuka kwamba jiwe majini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, na zege hupoteza hata zaidi. Kamba ya plastiki ya kawaida huelea, hivyo ukiitumia chini inapigana na risasi zako. Tafuta kamba ya nailoni au polyesta kwa chini.

Nanga ndiyo inayotofautisha mtego na takataka zinazoelea. Tuhesabu kidogo. Ukuta wako wa mita 60, wastani wa kimo mita 3, ukiwa safi, maji yakiusukuma kwa mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde yanauvuta kwa nguvu ya kilo 20 hadi 25. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, inakaribia kilo 90. Wavu ukiota ukungu wa kijani na uzi kunenepa mara mbili, zidisha tena kwa mbili. Sasa angalia gunia la mchanga la kilo 50, nanga ya maskini tunayoipenda sote: majini linabaki na kilo 31, na likiburutwa kwenye tope laini hushika pengine nusu ya hapo. Gunia moja, kilo 15. Ndiyo maana nyavu zenu zinakunjwa kila mchana.

Kwa hiyo tumia nanga za chuma zenye makucha upande unaopokea upepo, na magunia kwa vikundi, sita au zaidi kwa kila sehemu, upande wa pili. Upepo wa mchana huko ndio mbaya, hasa miezi ya kusi. Tazama mawimbi kwa siku kadhaa ujue unatoka wapi kwenye kona yako, kwa sababu vilima vinaugeuza. Urefu wa kamba ya nanga usipungue mara 5 ya kina. Kwenye mita 5 hiyo ni mita 25 kila upande, na watu huona ni uharibifu wa kamba. Kamba fupi hunyanyua nanga kwa juu badala ya kuivuta kwa ubavu, nayo inang'oka.

Usifunge kamba ya nanga moja kwa moja kwenye fremu. Weka boya katikati, dumu la lita 50 kwa mfano. Kamba ya nanga iishie kwenye boya, halafu kamba nyingine ya mlalo itoke kwenye boya kwenda kwenye pembe ya chumba. Maji yakipanda, boya ndilo linalovutwa chini na fremu inabaki sawa. Yakishuka, kamba inalegea kwenye boya na unaikaza hapo bila kugusa nanga. Kwenye bwawa la maji yasiyotulia, boya hilo lina thamani kuliko chumba kikubwa mara mbili.

Kutega kwenyewe kufanyike alfajiri kabla upepo haujaamka. Nanga kwanza, zote, maboya yakielea mahali pake siku moja kabla. Siku ya pili leta fremu ikiwa wavu umefungwa juu kwa mafundo mepesi, ifunge kwenye maboya manne, kisha fungua wavu ushuke. Halafu sebule, mabawa yakivutwa na nanga zake. Ukuta uje mwisho, ukianzia sebuleni kurudi ukingoni, mtumbwi mmoja ukitoa wavu na mwingine ukiushika usizunguke. Ukianzia ukingoni utafika kwenye chumba ukiwa umepinda, na kunyoosha mita 60 za wavu uliolowa ni adhabu. Ukimaliza, pita juu ya ukuta na jiwe la kupimia ukisikilizia kama kamba ya chini imekaa. Palipo na kishimo ongeza mnyororo.

Weka bendera mchana na taa usiku kwenye pembe ya nje. Wavuvi wengine wapite salama, na usiwape sababu ya kukata wavu wako wakasema hawakuuona. Juu ya wizi sina dawa ya kiufundi. Mtego hauhami kila jioni, hivyo kila mtu anajua ulipo. Zamu ya usiku ipangwe tangu mwanzo na iwe na malipo yake.

Kuvua ni kazi nyepesi ukiwa na utaratibu. Funga koo kwanza kwa kamba yake. Anzeni upande wa koo, inueni sakafu taratibu mkijivuta kwenda upande wa pili, samaki wakusanyike pembe moja, kisha wateke kwa wavu wa mpini. Hapa ndipo faida ya mtego inapopatikana au kupotea. Perege jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na akishtuliwa sana au kukaushwa juani anavitema. Ukiinua chumba kwa pupa utakuta sakafu imejaa mayai ya njano, na hiyo ni riziki yako ya mwakani inaelea. Inueni polepole, samaki wabaki majini wakati mnachagua, wenye midomo iliyovimba na wadogo warudi nje ya mtego, mbali na mdomo wa sebule wasiingie tena. Nyavu za kutega haziwezi kukupa uchaguzi huo.

Msilaze kambare na perege pamoja. Kambare mkubwa akifungiwa usiku na perege wa kiganja anakula bure kwa gharama yako. Tengeneza kijichumba cha pembeni, mita 1 kwa 2, mhamishie humo kila asubuhi na jioni. Kikiwa kinaelea na uso wake uko wazi atapanda kuvuta hewa na kuishi siku kadhaa, jambo linalokupa nafasi ya kusubiri mteja wa hoteli badala ya kumtupia mchuuzi wa kwanza. Perege ambao hamwuzi wazima wawekwe kwenye barafu hapohapo mtumbwini, maana faida yote ya samaki aliyetoka mzima huisha kwa saa chache za jua la wilaya ya Mwanga.

Kila wiki mbili hivi piga brashi kuta za chumba na ukuta. Ukiweza, uwe na vipande vya akiba ubadilishe, vilivyotoka vikauke kivulini. Jua linakula nailoni kimyakimya.

Sasa karatasi, na usiliache hili mpaka mwisho kama nilivyoliacha mimi. Uvuvi wetu unaongozwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009, na bwawa hili linagusa wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro, mikoa miwili. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri ambako mtego utakaa, siyo unakoishi, ukiwa na mchoro wa vipimo hivi. Omba ruhusa ya zana yenyewe kwa maandishi pamoja na ukubwa wa jicho, pitia BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo wako, na kwa kuwa unatia nanga kitu cha kudumu ndani ya maji, pita pia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapahapa Moshi. Bwawa hili limewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki waongezeke. Usishone wavu kabla ya barua.

La mitatu kwa mpigo. Nakataa, na si kwa sababu ya fedha za mjomba. Mtego uliowekwa vizuri haulali, unavua usiku na mchana, na samaki wa bwawa wana mwisho. Kwenye Ziwa Huron huko Marekani mitego ya kina kirefu ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa miaka michache mavuno ya samaki aitwaye whitefish yalipaa, kisha yakaporomoka, na sheria za kuizuia zikaja nyuma ya hasara. Nyumba ya Mungu nayo ina hadithi yake: bwawa lilipokuwa jipya watu walimiminika, mavuno yakafika kilele karibu na 1970, halafu yakashuka na hayajawahi kurudi pale. Anzeni na mtego mmoja, uishi mzunguko mzima wa maji, kuanzia yakijaa mpaka yakiisha, na muandike kila siku idadi, ukubwa na waliorudishwa. Fedha zinazobaki za mjomba zinunue wavu wa akiba, nanga za chuma na sanduku la barafu. Ukishapima kina cha kila mita 5 nitumie orodha yake, nikukatie mpando wa sebule na urefu wa kila kipande cha ukuta kabla hujakwenda dukani.